Kiboko Aliyewaletea Wakulima Semina

Alikuwako Kiboko mmoja, mwenyekiti wa mto mzima, aliyependa sana kuoga. Mwaka mmoja aliuziba mto kwa magogo na tope ili bwawa lake liwe pana. Huko chini, mpunga wa Mama Ndezi ukakauka ungali mchanga, na wanawe wakalala njaa.

Mama Ndezi akapanda hadi bwawani kwenda kulalamika. "Mheshimiwa, maji hayatufikii."

"Shida si maji," Kiboko akamjibu, amezama mpaka masikioni. "Ninyi ni maskini kwa sababu ya uvivu. Nitawaletea mtaalamu."

Akamtuma Korongo, ambaye alisimama kwa mguu mmoja kwenye shamba kavu akafundisha kilimo bora siku saba. Mama Ndezi na jirani zake wakampigia makofi, kisha wakafunga virago wakahamia bonde jingine.

Wakati wa mavuno Kiboko akashuka kula mpunga wao, kama alivyozoea kila mwaka. Akakuta vumbi, na Korongo peke yake.

"Wakulima wako wapi?" akafoka.

"Wamehama, Mheshimiwa," akasema Korongo. "Lakini mahudhurio yalikuwa mazuri sana."

Kiboko akarudi juu mbio akaubomoa ule ukuta wa magogo na tope kwa meno yake. Maji yakateremka tele, yakapita kwenye mashamba yasiyo na mtu.