Marudio ya Makosa ya Mwalimu

Tangu wanafunzi wapewe haki ya kujichagulia namna ya kufanya marudio, Mwalimu Mghoi alikuwa ameshaimba hesabu, ameshazicheza ngoma, na yote aliyameza. Lakini Jumatatu hii darasa zima lilibonyeza kitufe kimoja kwenye vishikwambi vyao: Ijumaa watarudia makosa ya mwalimu.

"Makosa gani?" alifoka.

"Ya wiki nzima," walimjibu. "Na ya nyumbani."

Nyumbani aliishi na Wakio, bintiye wa pekee, ambaye pia alikuwa mwanafunzi wake. Jioni hiyo Wakio aliegemeza kishikwambi kwenye bakuli la mchicha, taa yake nyekundu ya kurekodi ikiwaka.

"Zima kidude hicho kabla sijakipasua!"

"Siwezi, Mama. Ni kazi ya shule."

"Hivi nilizaa mtoto au nilizaa mchawi?" Mghoi alifoka huku akiibwaga sufuria ya ugali mezani, akainua mkono ampige. Mkono ukatokea kwenye kioo cha kishikwambi, mkubwa. Akaushusha.

"Kula, mwanangu," alisema kwa upole.

Wakio alikisogeza kishikwambi karibu na mdomo wa mama yake. "Hilo la mchawi lirudie tafadhali, Mwalimu. Sufuria ilipiga kelele."