Pumzi ya Zumari

Zumari ya Mselem haikuwahi kukatika katikati ya wimbo. Alikuwa akijaza upepo mashavuni, kisha akivuta pumzi kwa pua huku mlio ukiendelea. Leo harusini ilikatika.

Wapiga ngoma walidhani ni ishara, wakabadili mdundo. Wanawake wakapiga vigelegele.

"Ungetuonya basi, bwana!" alicheka Mbaruku, mpiga ngoma wake wa miaka yote. "Umetukurupusha kama kuku."

Mselem hakucheka. Kifuani mwake mlikuwa na filimbi nyingine, nyembamba, iliyolia kila alipovuta pumzi. Alikohoa, akautazama utete wa zumari uliotoka mdomoni mwake. Ulikuwa mwekundu.

Hapo nyuma, walipomtoa figo lenye saratani, daktari alikuwa amemwambia, "Ukikohoa damu, usingoje. Ugonjwa huu huweza kuhama ukaota kwenye njia ya pumzi." Mselem aliitika kama mtu anayeitikia salamu.

"Nini hicho?" Mbaruku akauliza.

"Tambuu."

"Tangu lini ukatafuna tambuu, Mselem?"

Bibi harusi alikuwa ameshafikishwa mlangoni, na kwa desturi yao havuki kizingiti mpaka zumari ilie. Ua mzima ulinyamaza. Mselem aliogopa kwamba kimya kile kingewafanya watu waisikie filimbi ya kifuani mwake.

"Nikikatika tena," alimnong'oneza Mbaruku, "usibadili mdundo. Nishike."

Akajaza mashavu. Mbaruku aliinua mikono juu ya ngoma, lakini macho yake hayakumwona bibi harusi aliyening'iniza mguu juu ya kizingiti; yalibaki mdomoni mwa Mselem.