Mlango wa Upande wa Mama

Siku mama alipoondoka, aliacha mkoba wake na kiatu kimoja ndani ya gari. Mkoba ungali unaning'inia nyuma ya mlango wa chumbani. Kiatu alikificha shangazi, mahali ambapo baba hawezi kukiona.

Lililoshindikana kufichwa ni gari lenyewe.

Kifungua, aliyeitwa hivyo kwa kuwa ndiye kifungua mimba wa nyumba ile, alichuchumaa kando ya mlango wa abiria akitega sikio kwenye dirisha la baba. Mkoromo ulikuwa bado unasikika. Baba hulala kidogo tu baada ya chakula cha mchana. Akiamka, la kwanza ni kuuliza kama mama amerudi, la pili ni kulizunguka gari lake.

Chini ya kitasa, ambacho kilikuwa kipya kuliko kitu kingine chochote kwenye gari lile, rangi ilikuwa imebanduka vidoa vidogo kama punje za mtama. Changarawe ndizo zilizong'ata pale. Mtu mwingine angepita asione. Lakini baba alikuwa fundi rangi wa magari maisha yake yote, na wenzake walimwita Fundi Kioo, kwa sababu gari likitoka mikononi mwake uliweza kunyolea ndevu mlangoni.

Yeye na shangazi walikwishajaribu kuliondoa gari hilo. Walilipeleka kwa baba mdogo, na baba akatoka peku kulitafuta mpaka wakamkuta katikati ya barabara kuu. Karakana nayo, ili kuupaka mlango upya, ilitaka kukaa nalo siku mbili, na baba hawezi kukaa bila gari hata saa mbili. Basi likabaki uani, na hofu ikabaki nalo.

Mara ya mwisho baba alipoiona ile michubuko, wanaume wawili wa jirani ndio waliomshika, na wote watatu walilowa jasho. Tangu hapo visu vya jikoni vinalala chini ya godoro la shangazi, na vitunguu vinakatiwa nyumba ya pili.

Kifungua aliosha mlango kwa maji ya sabuni, akaukausha. Alilowesha kipande cha msasa laini, akasugua kingo za kila kidoa, kisha akapangusa kwa spiriti. Rangi ilikuwa ya kopo ambalo baba alilichanganya mwenyewe zamani. Alichovya kijiti cha kibiriti alichokichonga ncha.

Kanuni aliijua tangu utotoni: rangi hulazwa, haimwagwi. Laza nyembamba, ngoja ikauke, laza tena. Lakini muda wa kungoja ndio aliokosa. Akajaza kila kidoa kwa tone moja, akapepea kwa kipande cha boksi.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa amekaa mlangoni kwenye kigoda, miguu ameinyoosha kuziba njia.

"Umemaliza?"

"Bado haijakauka."

"Fanya hima, mwanangu. Mkoromo umekatika."

Kifungua alisukuma kopo chini ya gari kwa unyayo. Msasa ulibaki mkononi. Baba alikuwa ameshafika kizingitini, shati amelifunga vifungo vikipishana, akimwomba dada yake apishe, maana yeye si mbuzi wa kuruka watu.

"Mama yenu hajarudi?"

"Bado, baba."

"Alitoka bila hata kuniaga," alisema, na shangazi akatazama pembeni.

Alianza mbele, kama kawaida yake. Macho yake yalikwishafifia, hivyo aliyafumba kabisa, akaacha vidole vitembee. Boneti. Bawa la juu ya gurudumu la mbele. Kifungua alimfuata nyuma akimsimulia habari za mvua, za paka wa jirani, za chochote. Baba aliitikia kwa kichwa. Vidole vikaingia kwenye mlango wa abiria, vikashuka chini ya kitasa, vikasimama.

"Nani kapaka hapa?"

Shangazi aliinuka. Akalitazama lango, akapima umbali mpaka kwa jirani.

"Mimi, baba."

"Tone limevimba kama chunusi. Nilikufundisha nini?"

"Hulazwa, haimwagwi."

"Sasa?"

"Niliharakisha. Niachie, nitarekebisha mwenyewe. Twende ndani unywe chai kwanza."

"Kazi mbovu haingoji chai. Lete msasa."

Kifungua alisema msasa umeisha. Baba akamshika kifundo cha mkono, akamfungua vidole kimoja kimoja, akauchukua. Uso wake ulikuwa mpole, na upole huo ndio uliomtisha Kifungua kuliko kelele zote alizowahi kuzisikia.

Alisugua polepole, kama mtu anayemnawisha mtoto uso. Rangi mbichi ikatoka. Chini yake zikajitokeza punje za bati tupu, moja baada ya nyingine. Akafumbua macho, akasogeza uso karibu. Msasa ukasimama. Shangazi alikuwa ameshafika langoni, anaita majirani.

Baba alikishika kitasa kipya, akakifungua, akakifunga. Kilishika vizuri.

"Nilimwambia mama yenu nitakitengeneza kesho yake," alisema. "Kwenye ile kona ya changarawe mlango ukafunguka wenyewe. Nilinyoosha mkono nimdake. Nikabaki na kiatu."

Akaketi chini, akaanza kujipiga kichwa kwenye mlango, na majirani wakaja kumshika.

Akilala atasahau, na akiamka atauliza tena kama mama amerudi, kwa hiyo Kifungua aliingiza mkono chini ya gari, akavuta kopo.