Gari Lililokuwa Likiamka na Homa

Ijulikane kwa wote wenye masikio na magari: huu ndio uchunguzi mkubwa kabisa wa kitaalamu uliowahi kufanywa na Waafrika wa DeSoto, Texas. Uliongozwa na nesi, tena kwa simu.

Mgonjwa alikuwa gari kuukuu la Vital, lenye mlango mmoja mwekundu na mingine rangi ya maziwa. Vital alitoka Bukavu, anafanya kazi ghalani katika mji wa Mesquite, na kwake kila kitu cha moto ni chaud. Chai anaitaka chaud. Lami ya Texas mwezi wa saba ni chaud mno. Kiingereza alikuwa bado anakipapasa, ila herufi za dashibodi alizijua zote, kwa kuwa alifundishwa na mtaalamu mmoja aliyesoma shule ya bweni, mwenye Kifaransa safi na uso usiocheka.

Tatizo lilikuwa mshale wa joto.

"Ndugu Cheruiyot, motokari iko na homa!" Vital alipiga simu asubuhi. "Mshale umefika mwisho kabisa, na mimi sijaiwasha hata!"

Cheruiyot alikuwa nesi huko Fort Worth. Kanisani walimwamini kwa magari kwa sababu aliwahi kubadilisha betri mbele ya watu. Akauliza kama anavyouliza wodini: homa inapanda lini, inashuka lini?

"Inashuka nikiikimbiza. Ikitembea inapona yenyewe."

"Hiyo ni sensa ya kupima joto, bro. Ilete."

Sensa ikabadilishwa. Homa ikarudi. Nyaya zikasuguliwa. Homa ikarudi. Na kila mara gari lilipofika Fort Worth, mshale ulikuwa katikati, mtulivu, kama mgonjwa anayepona akimwona daktari.

Mwishowe Cheruiyot aling'oa themostati, kile kizibo kinachozuia maji hadi injini ipate moto. "Sasa maji yatazunguka muda wote," alitangaza. "Hii injini haitaona joto tena."

Kesho yake Vital alipiga simu sauti ikitetemeka. "Umeniulia motokari! Sasa hata nikiikimbiza, homa haishuki!"

Mtaalamu wa bweni aliombwa maoni. Alisikiliza, akakuna kidevu, akasema jambo hili linahitaji maombi.

Na maombi yalihitajika kweli, kwa sababu Jumamosi Vital alitakiwa Houston. Binti wa marehemu dada yake alikuwa anaolewa, na hakuna mwanamume mwingine wa kumshika mkono hadi madhabahuni. Vital asipofika, binti angeingia peke yake.

Cheruiyot alirudisha themostati, akakaza mabomba ya rejeta, akavaa suti na kukubali kumsindikiza mgonjwa. Alikaa mbele, kando ya Vital. Mtaalamu, anayemwita Vital Tonton, yaani mjomba, alikaa nyuma na keki.

Walipoupita mji wa Corsicana, Cheruiyot alikuwa anakoroma. Vital alianza kuimba.

"Amka uone, ndugu! Mshale umevuka katikati! Unapanda! Tumepona!"

Cheruiyot alifumbua jicho moja, kisha yote mawili.

"Simamisha gari! Simamisha!"

Bomba alilolikaza yeye mwenyewe lilikuwa limechomoka. Mvuke ulifunika kioo chote cha mbele. Walisimama kando ya barabara kuu, wote bado ndani ya gari, suti zimelowa jasho, malori yakiwapita kwa kelele. Simu ya Vital ikaanza kulia: bibi harusi.

"Umeona mshale unaenda H," Cheruiyot alisema polepole, "na wewe unaimba?"

"Si ndiyo uzima? C ni chaud." Vital alionyesha kwa kidole, kama mwanafunzi aliyekariri vizuri. "Na H ni 'haina shida'."

Cheruiyot alijifuta jasho usoni.

"Vital. C ni cold, baridi. H ndiyo hot, moto. Hayo mengine nani alikufundisha?"

Simu iliendelea kulia. Wanaume wawili waligeuka, taratibu, wakatazama kiti cha nyuma.

Keki ilikuwa inayeyuka mapajani mwangu.

"Ni mimi, Tonton," nikasema, na uso wangu ulikuwa chaud.