Mlinzi wa Bibi Harusi

"Mpake mpaka kwenye viwiko," Sulochana alisema akiwa mlangoni. "Na miguu pia. Usibakishe mahali."

Dhapu, fundi wa hina, aliinua kichwa. "Miguu nayo saa hizi? Sasa bibi harusi atatembeaje?"

"Ndiyo ninachotaka. Asitembee."

Wanawake wakaangua kicheko. Kesar, bibi harusi mwenyewe, akacheka kuliko wote. "Mnamwona shangazi yangu? Askari jela!"

Sulochana hakucheka. Alikuwa amekaa kizingitini, nusu ndani nusu nje, maana mjane hasogelei hina ya bibi harusi, na hapa mjini Sojat hata kivuli chake huangaliwa kimeangukia wapi. Miaka tisa sasa viganja vyake havijaonja rangi. Ndiyo sababu kaka yake, Hukamchand, alimpa yeye kazi hii asubuhi, kabla hajaondoka na wanaume wenzake kwenda kusimamisha mahema ya harusi.

"Wenzako wote watakuwa na mikono mibichi," alimwambia. "Wewe peke yako ndiye utakuwa na mikono mikavu. Mwezi uliopita tulimtoa Kesar ndani ya basi la kwenda Ajmer, mkoba mapajani. Kuna kijana huko, mimi si mtoto. Mshikilie mpaka saa kumi. Basi likishaondoka, hakuna jingine mpaka kesho. Na ukitoka hapo mlangoni hata kwa dakika moja, funga kwa nje. Akinitoroka huyu, dada yangu, na wewe utafute pa kulala."

Basi ndiyo maana Sulochana hatulii. Akikaa, anainuka. Akiinuka, anachungulia saa ya ukutani, kana kwamba mishale yake ina njama naye. Saa nane na nusu. Wageni mia nne wako njiani. Mtu akitoroka nyumba hii leo, Hukamchand ataweka wapi uso wake?

"Na wewe wifi, unangoja nini?" alimuuliza mama yake Kesar. "Mama wa bibi harusi na viganja vitupu? Watu watasema nini?"

"Mimi baadaye. Lazima abaki mmoja mwenye mikono."

"Kwani mimi sina mikono?"

Mama Kesar akamtazama, akaona haya kidogo, akakaa chini mbele ya fundi wa pili, mwenzake Dhapu, na kunyoosha mikono. Wakafuata binamu wawili, tena kwa kugombania zamu. Sulochana akiwa pale kizingitini aliwahimiza wote: ongeza, jaza, panda juu, hina haba ni ya watu wachoyo.

Kufikia saa tisa na robo chumba kizima kilikuwa kimeanikwa mikono. Zaidi ya mafundi, hakuna aliyeweza kushika kikombe wala simu.

"Jamani, pua inaniwasha!" mama Kesar alilalamika. "Dhapu, nikune! Hapo, hapo. Ah, Mungu akubariki."

Kesar akageuza shingo. "Shangazi, hebu nisikilize. Siku ile ya basi nilikuwa mjinga. Nilikuwa simjui huyu bwana harusi wangu, Devraj. Sasa nimeshamjua, simwachi ng'o! Dhapu, jina lake lifiche vizuri humo kwenye maua, nataka alitafute mpaka achoke."

"Maneno matamu hayo," mama yake akasema. "Hata siku ile alinibusu kwanza, ndipo akakimbia. Wifi, usimsikilize."

"Simsikilizi," Sulochana akajibu. Akasimama tena. "Dhapu, hivi basi la Ajmer siku hizi linawahi au linachelewa?"

"Linaondoka kwa dakika. Dereva mpya yule hana mchezo."

"Hee, shangazi!" Kesar akasema. "Mimi basi nimeshalisahau, wewe bado umo!"

Saa tisa na dakika arobaini uvumilivu ukamwisha. Alivuta ushungi wake mweupe mpaka kidevuni.

"Nakwenda stendi. Kama kuna mtu anangoja huko, nitamkuta mwenyewe."

"Nenda, wifi!" mama Kesar alipaza sauti, mikono juu. "Mtie adabu!"

Sulochana akafunga mlango, akasukuma komeo kwa nje kama alivyoagizwa. Akalijaribu mara mbili. Kisha akashika njia, kwanza kwa mwendo wa kawaida, halafu haraka, halafu haraka isiyomfaa mtu mzima. Muuza vitunguu alimsalimia, hakujibu. Alijiambia asikimbie, na huku anakimbia.

Basi la Ajmer lilikuwa linanguruma, mlango wazi. Alipanda, akaanza kukagua kiti kimoja baada ya kingine. Wakulima na magunia yao. Mama ananyonyesha. Polisi amelala mdomo wazi. Wanafunzi wawili wa kike. Kijana hakuwemo hata mmoja. Akajishikiza kwenye viti, akasonga mbele.

Kwenye kiti cha nyuma kabisa alikuwa ameketi mwalimu Tarachand, mgane wa miaka hamsini na miwili, masharubu yamejaa mvi. Alisogea kumpisha akae dirishani.

"Nilihofu watakuzuia," akanong'ona.

"Kwa mikono gani?" Sulochana akasema, akakaa.

Konda akapiga bati, basi likang'oka. Tarachand akakunjua kiganja chake cha kulia taratibu. Katikati palikuwa na duara la hina, lile wanalopakwa mabwana harusi, bado bichi.