Jicho la Chupa

Haya ninayoyaandika ni ya kweli, neno kwa neno. Kama nimeongeza chumvi, meno yangu matatu yaliyobaki yadondoke leo kabla ya chakula cha mchana.

Jioni moja Mkaguzi alisukuma mlango wa kijani akiwa hana masharubu.

Huyu bwana nilifanya naye kazi kiwanda cha soda, tena tulikalia kiti kimoja. Kazi yake ilikuwa kuona. Chupa zilizooshwa zilipita mbele ya taa, moja baada ya nyingine, naye akazitoa zenye ufa, zenye msumari, zenye mende aliyejifia. Miaka ishirini na miwili hakuna mende aliyempita.

Sasa asubuhi ile mkewe alimwambia, huku akimimina chai, "Wewe unaniangalia tu, hunioni. Leo kabla jua halijazama unitajie kitu kimoja ulichokiona kwangu. Kimoja tu. Ukishindwa, naenda kwa mama, na safari hii sirudi kwa kubembelezwa."

Mkaguzi alimpenda mkewe, ila alipenda zaidi kushinda. Alipotoka kazini akapita kwa kinyozi, akanyoa masharubu ya miaka kumi na minane. Akajisemea, tuone nani haoni. Nikifika nisipoulizwa, tumetoka sare.

Nyumba za kiwanda zilikuwa arobaini, zimepangwa mstari kama chupa kwenye kreti. Kitasa ambacho kila siku humgomea, leo kilifunguka kwa kidole. Akaona ni dalili ya amani. Akaingia, akavua viatu, akakaa mezani.

Mama aliyekuwa jikoni akachungulia na mwiko mkononi.

"Umenyoa masharubu," akasema.

Mkaguzi akapapasa mdomo wake mtupu. Hata hajanawa mikono, ameshashindwa.

"Basi karibu chakula," mama akasema, akampakulia.

Kilikuwa kitamu kuliko cha siku zote. Mkaguzi akala kwa aibu. Nje jua lilikuwa limebakiza kipande. Hakuwa na njia ila kufanya alichokuwa hajakifanya tangu harusi: akaweka kijiko chini, akamtazama yule mama kama anavyotazama chupa, kuanzia shingoni.

"Mama," akasema polepole, "kumbe una mwanya."

"Ninao tangu utotoni."

"Na kidoti hapo shavuni?"

"Nacho hicho nilizaliwa nacho. Leo umekunywa nini huko kazini?"

"Sijanywa kitu. Na unatumia mkono wa kushoto."

"Toka shule wananichapa, sijaacha."

Mkaguzi machozi yakamlenga. Vitu vyote hivyo, ndani ya nyumba moja, na yeye alikuwa anahesabu mende. Moyo ukamdunda kama wa kijana anayepeleka barua ya posa. Alimwona mwanamke mzuri, mcheshi, mvumilivu, na akashangaa bahati yake mwenyewe.

Dirishani akapita mwanamke mwenye sanduku kichwani. Akasimama, akamtazama Mkaguzi kwa muda mrefu. Mkaguzi akampungia mkono kwa adabu, kama unavyompungia mpita njia yeyote, kisha akageuka haraka asije akapoteza mwanya.

"Miaka yote nakuangalia," akasema, "leo ndiyo nimekuona."

"Haya. Maliza kula, kinapoa."

Jua likazama. Mama akaleta maji ya kunawa. Mkaguzi akanawa kama mfalme, akajiegemeza kitini.

"Nimetaja vitatu, na ulitaka kimoja. Kwa hiyo huendi kwa mama."

"Mimi siendi popote, shemeji," mama akasema, akikusanya sahani. "Aliyekwenda ni mkeo, huyo uliyempungia mkono. Kwako ni mlango wa pili kushoto. Nilidhani mmegombana umekuja kuomba chakula, na mtu mwenye njaa haulizwi maswali."

Mke wangu alikaa kwa mama yake miezi miwili. Akarudi kwa sharti moja: kila asubuhi kabla ya chai nimtajie kitu kipya nilichokiona kwake, na siku nikirudia cha zamani, nafua mapazia ya nyumba nzima. Leo nimetaja kovu la kidole gumba. Amesema hilo nililitaja mwaka juzi, mwezi wa pili, siku ya mvua. Ngoja nikaloweke.