Aliyefungwa Dirishani

Simu ilikuwa imefungwa kwa lastiki kwenye nondo za dirisha, ikitazama barabarani kama mfungwa anayesubiri wageni. Fundi cherehani alikaza fundo la mwisho kwa meno, akarudi hatua nyuma kuikagua.

"Hiyo lastiki si ya barakoa za watu?" mama mkwe wake akauliza kutoka jikoni.

"Pua za watu zitasubiri, mama. Leo mwanao anasali na sisi."

Mama mkwe hakucheka. Alikuwa akijaza hotipoti, mwiko juu ya mwiko, mpaka kifuniko kikagoma kufunga. Tangu watu waamriwe kukaa ndani kwa sababu ya ugonjwa, kila siku ilipofika saa ya kuruhusiwa kutoka kununua mahitaji, yeye alibeba chakula kumpelekea mjane mmoja wa kwaya, nyuma ya shule. Fundi alizidi kumpenda kwa hilo.

"Huyo mjane wako ana tumbo la mpakia mizigo," alimtania.

"Majonzi yanakula, mwanangu."

Mume wa Fundi alikuwa dereva wa lori. Mpaka ulifungwa yeye akiwa upande wa pili, akakwama huko na shehena ya saruji. Kwaresima nzima Fundi alishona barakoa na njaa tumboni. Alifunga kwa nia moja tu, mumewe arudi salama.

"Na hiyo pikapu ambayo mchungaji anapitishia ibada," mama mkwe alisema, "ikitoka hapa inaelekea wapi?"

"Inazunguka shule, mama, halafu inapanda juu. Mtaa kwa mtaa."

"Basi usimpigie mwenzio. Mtandao wa huko mbaya. Mwache alale."

"Siku ya Pasaka?"

Akapiga, akaweka sauti ya juu. Simu iliita mpaka karibu ikate tamaa.

"Mke wangu?"

"Mbona unanong'ona?"

"Wenzangu wamelala kwenye malori yao. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Usikate tu. Nina zawadi yako."

"Zawadi gani? Huku ni vumbi na malori, hata hiyo Pasaka sijui imepitia wapi."

Hapo ndipo honi ikasikika. Kanisa lilikuwa na kufuli, kwa hiyo mchungaji alipanda nyuma ya pikapu na spika mbili, na badala ya kengele akatumia honi. Honi yenyewe ilikuwa mbovu. Ilitoa mlio mrefu wa ndama aliyepotezana na mama yake.

"Amefufuka!" spika zikanguruma.

"Kweli amefufuka!" madirisha yakajibu.

"Ndugu zangu, yeye ameondolewa jiwe, sisi tumewekewa jiwe mlangoni! Msinung'unike. Hata wale walinzi wa kaburi walianguka kama wafu. Kwa nini? Hawakuvaa barakoa!"

Mtaa ukalipuka kwa kicheko. Kwenye dirisha la juu mtu akapiga sufuria.

"Na Tomaso angekuwa leo, angeambiwa hivi: kugusa utagusa, bwana, lakini nenda kanawe kwanza!"

Fundi alicheka mpaka akajifuta macho kwa kipande cha barakoa. Ndani ya simu mumewe naye alicheka, kicheko chake kilekile cha kukohoa mwishoni. Alimsikia karibu sana, kana kwamba yuko chumba cha pili.

Pikapu ikasimama chini ya dirisha lake.

"Fundi! Na huyo uliyemfunga kwenye nondo ni nani?"

"Mume wangu, mchungaji! Yuko mpakani!"

Mchungaji akavua kofia. Utani ukamtoka usoni.

"Jamani, inueni mikono. Tumwombee mwenzetu."

Mikono ikatoka madirishani, ya wazee, ya watoto, mingine ina unga, mingine ina povu la sabuni, yote ikielekea kwenye ile simu moja. Waliomba alindwe na ugonjwa, alindwe na majambazi, alale pema, ale vizuri, asimsahau mke anayemngoja.

"Amina," mtaa ukasema.

"Amina," simu ikasema, baada ya wote.

Machozi yakamshuka Fundi. Pikapu ikaondoka taratibu, ikakata kona ya shule, sauti yake ikafifia na kupotea.

"Umesikia, mume wangu? Mtaa mzima."

"Nimesikia. Wewe ni mke mwema. Sikustahili."

"Acha hizo. Mpaka ukifunguliwa tu uje."

"Ukifunguliwa tu, siku hiyohiyo."

"Kata simu sasa, mwanangu," mama mkwe alisema. Alikuwa amesimama mlangoni na hotipoti yake. Hakumtazama Fundi wala simu, alikuwa akitazama kona ya shule. "Kata. Utammalizia chaji."

"Ngoja nimfungue kwanza, mama, nimemkaza kama mwizi." Fundi akainamisha kichwa, akashika fundo kwa meno.

Nje kulikuwa kimya. Watu walikuwa wamesharudi ndani.

Simu ikapiga honi.

Mlio mrefu, wa ndama aliyepotezana na mama yake.

"Amefufuka!" mchungaji akanguruma ndani ya simu, karibu kabisa, mpaka nondo zikatetemeka. "Dada yetu mjane! Heri ya Pasaka! Fungua dirisha basi, tukuone!"

Simu ikakatika.

Fundi alibaki vilevile, lastiki kati ya meno. Nyuma yake alisikia hotipoti ikiwekwa sakafuni, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

"Nilimwambia leo asipokee," mama mkwe alisema.